Treni ya Saa Tisa, Ndege ya Saa Tano Usiku: Je, Muda Unatosha?

SWALI: Ninaishi Kisauni, Mombasa. Mwezi wa Julai nitamsindikiza mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71 na maumivu ya magoti, kwenda Köln, Ujerumani, kumtembelea ndugu yangu. Tumekata tiketi ya ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Frankfurt, inayoondoka saa tano kasorobo usiku. Mama hataki kupanda ndege mbili, kwa hiyo Nairobi tutakwenda kwa SGR, yaani treni ya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, na kutoka Frankfurt hadi Köln tutapanda treni pia. Ninafikiria treni ya saa tisa alasiri, kwa kuwa inafika Nairobi baada ya saa mbili usiku. Je, muda unatosha? Huko Frankfurt ndege inatua saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nikate tiketi ya treni ya saa ngapi? Na tukirudi, ndege itatua Nairobi saa mbili unusu usiku. Tunaweza kuiwahi treni ya saa nne?

JIBU: Dada yangu wa Kisauni, nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze hesabu iliyonifikisha hapo. Treni ya saa tisa alasiri haifai kwa ndege hiyo. Pandeni ile ya saa mbili asubuhi. Frankfurt, ukikata tiketi inayokufunga kwenye treni moja tu, isiwe ya kabla ya saa tatu asubuhi. Na wakati wa kurudi, treni ya saa nne usiku iondoe kabisa katika mipango yako.

Hesabu uliyoifanya ndiyo wanayoifanya wateja wengi wanaokuja kwetu kupangiwa safari: treni inafika muda fulani, ndege inaruka muda fulani, na tofauti kati ya nyakati hizo inahesabiwa kuwa ni nafasi ya msafiri. Lakini treni kufika si abiria kutoka kituoni, na ndege kuruka si kaunta kufungwa. Kwa safari za kimataifa mashirika mengi hufunga kaunta ya kusajili abiria na kupokea mizigo saa nzima kabla ya ndege kuondoka. Kwenu ninyi maana yake ni saa nne kasorobo usiku, na mtu anayefika kaunta saa nne kamili, hata kama ndege bado anaiona kupitia kioo, hana safari.

Sasa hesabu kwa kurudi nyuma kutoka hapo. Treni ya saa tisa hutumia muda unaozidi kidogo saa tano, kwa hiyo mtafika Syokimau, kiliko kituo cha SGR cha Nairobi, baada ya saa mbili usiku. Treni hiyo huwa na abiria mamia kwa mamia, na wote huteremka kwa pamoja, huingia kwenye njia moja ya kutokea, na kumiminika kwenye uwanja mmoja wa magari. Mtu mwenye magoti mabovu na mabegi manne hatakuwa miongoni mwa wa kwanza kutoka. Kwa mama wa umri huo mimi huhesabu nusu saa kamili kutoka kwenye behewa hadi kwenye kiti cha gari. Ongeza mwendo wa gari hadi uwanjani, ongeza ukaguzi wa lango la nje na wa mlango wa jengo, na mtafika kaunta karibu saa tatu na dakika ishirini ikiwa kila kitu kimekwenda sawasawa. Akiba inayobaki ni dakika 25. Reli yenyewe ni ya njia moja, treni hupishana vituoni, na treni za abiria huitumia pamoja na za mizigo. Kwa haki, treni ile hufika kwa wakati mara nyingi, lakini dakika 25 huliwa na tukio moja dogo kati ya Voi na Emali bila mtu yeyote kutangaza kwamba pana tatizo.

Lipo jambo zito zaidi ya dakika. Tiketi yako ya SGR na tiketi yako ya ndege ni mikataba miwili isiyojuana. Treni ikichelewa, shirika la reli halina wajibu wowote kwa ndege yenu, na shirika la ndege litawaandika kuwa abiria ambao hawakutokea. Kwa masharti ya tiketi nyingi, abiria asiyetokea katika safari ya kwenda hufutiwa na ya kurudi, hivyo hasara haiishii kwenye usiku mmoja. Pengo lililo kati ya kituo cha treni na uwanja wa ndege halina mwenyewe. Anayelibeba ni msafiri peke yake, na kinga pekee anayoweza kujinunulia ni muda. Ndiyo sababu sikushauri kupunguza saa za kungoja kwa kuwa zinachosha. Zinachosha kweli, lakini ndizo bima yenu.

Treni ya saa mbili asubuhi, ile inayosimama Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali na vituo vingine vya njiani, huchukua takriban saa sita na kuwafikisha Nairobi karibu saa nane mchana. Hata ikichelewa saa mbili nzima, bado mna jioni yote mbele yenu. Kutoka Kisauni hadi Miritini, kiliko kituo cha SGR cha Mombasa, mtavuka Daraja la Nyali, mtapita kisiwani, kisha Makupa, Changamwe na Mikindani, na njia hiyo asubuhi ina msongamano wa watu wa kazini na wa malori ya bandarini. Ondokeni nyumbani saa kumi na moja alfajiri, au mara tu baada ya swala kwa anayeswali. Mkifika mapema mtangoja mmeketi. Mkichelewa, lango la kituo hufungwa kabla ya treni kuondoka na hakuna wa kulifungua tena.

Ukaguzi wa Miritini mnaufahamu bila shaka: mabegi hupangwa mstari chini, abiria husogea kando, mbwa hunusa, kisha mabegi hupita kwenye mashine. Ninakukumbusha jambo moja ambalo wasafiri wa ndege hulisahau. Kwenye ndege kitu chenye makali unakitia katika begi linalokwenda chini, na mambo yamekwisha. Kwenye SGR hakuna begi la chini. Kila begi linapanda nawe behewani, na kwa hiyo kisu cha jikoni kilichofungwa vizuri kwa ajili ya safari ya Ujerumani kinaweza kuzuiwa Miritini kabla hata hakijauona uwanja wa ndege. Kama mama amekusudia kumpelekea mwanawe mbuzi ya kukunia nazi, na akina mama wa Pwani hukusudia hivyo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, tafuteni njia nyingine ya kuifikisha.

Tiketi kateni kwa nambari za vitambulisho mtakavyokuwa navyo mkononi. Kama umetumia kitambulisho cha taifa wakati wa kukata, usikiache nyumbani kwa hoja kwamba pasipoti inatosha, kwa sababu tiketi huchapishwa na kukaguliwa kwa kulinganishwa na hati uliyoitaja. Kuhusu daraja, mama mpandishe la kwanza. Tangu Januari 2024 nauli ya mtu mzima kwa safari nzima ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa magoti: daraja la kawaida viti vimetazamana, watatu upande mmoja na wawili upande wa pili, na miguu ya abiria hukutana katikati kwa saa sita. Daraja la kwanza viti ni viwili viwili na nafasi ya kunyoosha mguu ipo.

Mkiteremka Nairobi, msifuate umati. Nje ya kituo kikuu kuna treni ya mjini inayowapeleka abiria wa SGR hadi kituo cha zamani katikati ya jiji, na wengi huikimbilia. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko kati ya Syokimau na jiji, na treni hiyo haifiki kwenye majengo ya uwanja. Nimewahi kupigiwa simu na mteja aliyekuwa amesimama kituo cha mjini na mabegi yake, akiniuliza uwanja uko upande gani, baada ya kuupita na kuuacha nyuma kwa mwendo wa dakika nyingi. Akalazimika kurudi kwa teksi katika foleni ya jioni ya Barabara ya Mombasa. Alifanikiwa kuondoka usiku ule, lakini alifika kaunta akitweta.

Kwenu ninyi jawabu ni gari, nalo ni safari fupi. Barabara ikiwa wazi ni dakika 15 hadi 20, na tangu mwaka 2022 ipo barabara ya juu ya kulipia, ile iliyojengwa kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo ina lango la SGR na lango la uwanja wa ndege pia. Mnapopatana nauli, ulizeni mapema ada ya barabara hiyo italipwa na nani, na kama ni teksi ya programu ya simu, mwambie dereva mahali hasa mliposimama, kwa kuwa uwanja wa magari wa Syokimau ni mpana na wapiga debe hawakosekani. Mkikaribia uwanjani kuna ukaguzi wa barabarani ambapo abiria huteremka na kupita kwenye mashine kwa miguu huku gari likikaguliwa kando. Mweleze askari kwamba mama ana shida ya magoti kabla ya kuteremshwa, si baada ya hapo. Na jengo lenu, kati ya 1A hadi 1E, lisomeni kwenye tiketi mapema, kwa sababu kutembea kutoka jengo hadi jengo na mizigo ni adhabu.

Mtakuwa na saa nyingi kati ya treni na kaunta, ambayo kwa kawaida hufunguliwa saa tatu hadi nne kabla ya ndege. Msizimalizie uwanjani. Syokimau na Mlolongo kuna nyumba za wageni nyingi zinazokodisha chumba kwa mchana, na mama akilala na kuoga kabla ya safari ya usiku mtakuwa mmefanya jambo la maana kuliko lolote mtakalonunua njiani. Kama chumba hamkitaki, karibu na hapo kuna Gateway Mall, kwenye Barabara ya Mombasa, yenye mahali pa kula na vyoo vinavyofaa. Saa moja na nusu usiku muwe mmekwisha kuondoka kuelekea uwanjani.

Nina wajibu wa kukwambia pia kwamba mpango huu si wa kwanza ambao ningempangia mtu wa umri wa mama. Kama tiketi ingekatwa tangu mwanzo kutoka Uwanja wa Moi, Mombasa, hadi Frankfurt, katika karatasi moja, mizigo ingekabidhiwa Mombasa na kuchukuliwa Frankfurt, na kama ndege ya kwanza ingechelewa, shirika lingelazimika kuwatafutia nyingine. Hilo ndilo pengo lenye mwenyewe. Lakini mama amesema hataki ndege mbili, tiketi imekwisha kukatwa, na mzazi aliyetulia ni nusu ya safari. Basi tuendelee na treni.

Tuje Frankfurt. Julai saa za Ujerumani ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, ingawa wakati wa baridi huwa mbili, na tiketi zote za huko huandikwa kwa saa 24 zinazoanza usiku wa manane: 06:15 ni saa kumi na mbili na robo yetu ya asubuhi, 09:00 ni saa tatu. Andika nyakati zote mbili kwenye karatasi moja uiweke pamoja na pasipoti.

Kutua si kutoka, na Frankfurt hili ni kweli kuliko Nairobi. Ndege itatambaa hadi mahali pake, mtatembea mwendo mrefu hadi uhamiaji, na kwa kuwa Frankfurt ndipo mtakapoingilia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, ukaguzi wote wa kuingia utafanyika hapo. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo mpya wa kusajili wageni wasio raia wa Umoja wa Ulaya, ambapo anayeingia kwa mara ya kwanza hupigwa picha na, kama hakuzitoa alipoomba viza, kuchukuliwa alama za vidole, na jambo hilo limeongeza urefu wa foleni asubuhi, wakati ndege nyingi za kutoka Afrika, Asia na Amerika hutua kwa pamoja. Barua ya mwaliko ya ndugu yenu, bima ya afya ya safari na tiketi ya kurudi viwe kwenye mkoba wa mkononi, kwani afisa ana haki ya kuviuliza, na kujibu kwamba vimo ndani ya begi lililo kwenye mkanda hakumsaidii mtu. Kisha kuna mizigo yenyewe, halafu forodha.

Kuhusu forodha nikupe tahadhari moja, kwa sababu begi kufunguliwa ni nusu saa nyingine. Nyama na vyakula vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kuingia na abiria, hata kama ni kidogo na kwa matumizi ya nyumbani. Matunda mengi, maembe yakiwamo, hutakiwa cheti cha afya ya mimea; ndizi, nanasi, nazi na tende ni miongoni mwa machache yaliyosamehewa. Kwa hiyo tende za mama zitafika Köln salama, na maembe ya apple yaliyofungwa kwenye gazeti yataishia pipani.

Ukijumlisha yote hayo, mimi huhesabu saa moja na nusu hadi mbili kutoka kutua hadi kusimama kwenye jukwaa la treni. Hilo linawafikisha karibu saa mbili na robo asubuhi. Sasa ndipo aina ya tiketi inapokuwa muhimu. Shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Bahn, huuza tiketi za bei nafuu ziitwazo Sparpreis ambazo hukufunga kwenye treni moja, saa moja, na ikiwa ndege ndiyo iliyokuchelewesha, treni ile ikikupita tiketi imekufa. Tiketi ya Flexpreis ni ghali zaidi, lakini inakuruhusu kupanda treni yoyote ya njia hiyo siku hiyo. Kwa msafiri anayetoka kwenye ndege ya masafa marefu, ushauri wangu ni Flexpreis. Kama bajeti hairuhusu, chukua Sparpreis ya saa tatu asubuhi au baadaye kidogo, na mkiwahi mapema kunyweni chai. Kiti huhifadhiwa kwa malipo madogo ya ziada, kando na tiketi. Kwa ajili ya mama usiache kulipia, maana tiketi bila nafasi iliyohifadhiwa inaweza kukusafirisha ukiwa umesimama.

Kuna njia ya tatu ambayo ulipaswa kuulizwa siku ya kukata tiketi, na bado inafaa kumwuliza wakala wako. Baadhi ya mashirika ya ndege huuza safari ya treni ndani ya tiketi ya ndege. Kituo kikuu cha Köln kina hata msimbo wake kama uwanja wa ndege, QKL. Lakini hapa pana aina mbili zinazochanganywa. Moja, iitwayo Rail&Fly, hukupa haki ya kupanda treni, ila kuiwahi ndege ni jukumu lako mwenyewe. Nyingine huweka treni mahususi katika tiketi kama sehemu ya safari, yenye nambari yake mfano wa ndege, na muunganiko ukivunjika shirika ndilo linalokutafutia njia. Wakala akikwambia treni imo, mwulize ni ipi kati ya hizo mbili.

Uwanja wa Frankfurt una vituo viwili vya treni, na hapa watu hupotea. Chini ya Jengo la 1 kuna Regionalbahnhof, chenye majukwaa nambari 1 hadi 3, cha treni za mjini na za mikoa ya jirani. Kituo mnachokihitaji ni Fernbahnhof, kilichofunguliwa mwaka 1999, chenye majukwaa 4 hadi 7, ambako hupita treni za mwendo kasi za ICE. Mnafika kwa kufuata njia ya juu ya ndani kutoka Jengo la 1, yenye paa na lifti. Mkitua katika jengo jingine, kuna kitreni cha bure cha uwanjani kitakachowaleta huko. Msikubali kushauriwa kwenda kwanza Kituo Kikuu cha Frankfurt mjini: ni kurudi nyuma kusiko na sababu, kwani treni za Köln husimama hapo hapo uwanjani.

Msitarajie pia utaratibu wa Miritini. Hakuna mbwa, hakuna mashine, hakuna lango la tiketi. Mtu anaweza kusimama jukwaani akiwa na mkate na begi lake bila kuulizwa chochote, na tiketi hukaguliwa ndani ya treni ikiwa inakwenda. Urahisi huo una gharama yake: hakuna anayekuongoza. Treni husimama dakika chache tu, jukwaa ni refu sana na limegawanywa kwa herufi, na ubao huonyesha behewa lenye nambari yako litasimama mbele ya herufi ipi. Someni ubao huo, simameni kwenye herufi yenu, na masikio yawe wazi, kwa sababu jukwaa hubadilishwa dakika za mwisho mara nyingi kuliko mtakavyopenda. Milango ya baadhi ya treni hizo ina ngazi, kwa hiyo panga hivi: wewe utangulie na begi moja, mama afuate akishika mkono wa mlango, na mabegi mengine yasizidi uwezo wako wa kuyapandisha kwa mara mbili. Mabegi mawili ya kilo 23 kwa kila mmoja ni haki yenu kwenye baadhi ya ndege, lakini si lazima mtumie haki yote.

Msaada wa kiti cha magurudumu omba leo. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, viwanja vya ndege vya huko vinatakiwa kumhudumia bila malipo abiria mwenye shida ya kutembea, ilimradi shirika la ndege limearifiwa angalau saa 48 kabla ya safari. Omba kwa Nairobi na kwa Frankfurt, kwenda na kurudi, na uhakikishe umeandikwa kwenye tiketi. Huduma hiyo ni ya uwanja. Ya treni ni nyingine, chini ya ofisi ya Deutsche Bahn inayowasaidia wenye matatizo ya kutembea, nayo huombwa mapema kwa kutaja treni mahususi. Ndugu yenu aliye Köln anaweza kuiomba kwa simu kwa Kijerumani, na ndilo jambo la kwanza ningempa alifanye.

Safari yenyewe hadi Köln ni takriban saa moja, kwa reli iliyofunguliwa mwaka 2002 na kujengwa kwa mwendo wa hadi kilomita 300 kwa saa. Mpokeaji wenu aambiwe kituo kamili. Baadhi ya treni hufika Köln Hauptbahnhof, ubavuni mwa kanisa kuu, na nyingine husimama Köln Messe/Deutz, ng'ambo ya Mto Rhein. Vituo hivyo vimetenganishwa na daraja tu, lakini mpokeaji akiwa upande mmoja na mama upande wa pili, mtapigiana simu nusu saa nzima. Ziko pia treni zinazokwenda Köln polepole zikifuata ukingo wa mto kupitia Mainz na Koblenz, kwa muda wa zaidi ya maradufu. Mandhari yake ni mazuri mno, ila asubuhi ya kutoka kwenye ndege hakuna atakayekuwa macho kuyatazama.

Kurudi ndiko kugumu zaidi, kwa sababu safari hii treni ndiyo inayotangulia na ndege ndiyo isiyongoja. Sifa ya treni za Ujerumani kwamba hazichelewi ni ya zamani. Mwaka 2024 treni za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na hapo kuchelewa kwa chini ya dakika sita hakukuhesabiwa kuwa ni kuchelewa. Reli nyingi ziko katika matengenezo makubwa na treni huhamishiwa njia nyingine, kwa hiyo ratiba iangalieni tena wiki moja kabla, kisha jioni ya kuamkia safari. Ikiwa ndege yenu inaondoka Frankfurt karibu saa tano asubuhi, chagueni treni inayoondoka Köln karibu saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ikifutwa, inayofuata bado itawafikisha kwa wakati. Treni ikitarajiwa kuchelewa dakika 20 au zaidi, hata mwenye Sparpreis huruhusiwa kupanda nyingine, na kuchelewa kwa saa moja hukupa haki ya kurudishiwa robo ya nauli, saa mbili nusu yake. Hiyo ni nauli ya treni tu. Ndege iliyowaacha hawailipi.

Na sasa Nairobi usiku. Kutua saa mbili unusu, uhamiaji, mizigo na forodha, hata kwa mtu mwepesi, ni kutoka nje karibu saa tatu na nusu. Treni huondoka Syokimau saa nne kamili, lango hufungwa kabla, na ukaguzi wa mabegi una foleni yake. Haiwezekani kwa mama, na hata ingewezekana, mngefika Miritini saa tisa na nusu usiku, saa mbaya ya kutafuta gari la kwenda Kisauni. Rudini kwenye nyumba ile ile ya wageni ya Syokimau au Mlolongo, mlale, na asubuhi mpande treni ya saa mbili. Tiketi za treni hiyo zikateni kabla hata ya kuondoka Mombasa, kwani Agosti ni msimu wa likizo za shule na treni hujaa. Ndege ikichelewa hadi kesho yake mnaweza kupoteza nauli hiyo, shilingi 6,000 kwa wawili wewe ukipanda daraja la kawaida kwa 1,500 na mama la kwanza kwa 4,500, au 9,000 mkipanda daraja la kwanza nyote wawili, na mimi ningekubali kuibeba hasara hiyo kuliko kumweka mama Syokimau siku tatu akingoja nafasi.